Futiboli ya Kanada yakata yadi 10: mageuzi au kuifuata Marekani?

Tarehe 22 Septemba 2025, Stewart Johnston, kamishna wa Ligi ya Futiboli ya Kanada (CFL), alitangaza mabadiliko ya sheria ambayo mashabiki wengi hawakuyaomba. Kuanzia msimu wa 2026, saa ya kuanzisha mchezo inabadilishwa, na ile pointi moja ya Kikanada inayopatikana kwa mguu inabanwa. Mwaka 2027 ndipo msumeno unafika uwanjani kwenyewe. Urefu unashuka kutoka yadi 110 hadi 100, eneo la mwisho (sehemu ya kufungia) kila upande linapungua kutoka yadi 20 hadi 15, na milingoti ya goli inang'olewa kwenye mstari wa goli na kupelekwa nyuma kabisa. Nathan Rourke, kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) wa timu ya BC Lions ambaye msimu huohuo alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, aliyaponda hadharani. Yeye ni Mkanada, na kwotabeki Mkanada katika ligi hiyo ni nadra, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito.

Lawama kubwa ni kwamba CFL inajigeuza kuwa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, iliyo ndogo. Ligi inajibu kwamba inaboresha burudani bila kugusa moyo wa mchezo. Nadhani pande zote mbili zina hoja, ila zinagombana mahali pasipo penyewe. Baadhi ya mabadiliko haya ni ya maana, moja halina sababu ya kutosha, na lile la kuogopwa kweli bado halijatangazwa.

Kwanza, kwa aliyezoea kandanda. Katika futiboli ya Marekani timu ina wachezaji 11 uwanjani na majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inapata majaribio mapya, ikishindwa inaupoteza mpira. Kanada wanacheza 12 kwa 12, tena kwa majaribio matatu tu. Uwanja wao una upana wa yadi 65, wakati wa Marekani una yadi 53 na theluthi. Ukijumlisha maeneo ya mwisho, uwanja wa sasa wa Kanada una yadi za mraba 9,750 dhidi ya 6,400 za Marekani. Ni uwanja mmoja na nusu.

Tofauti ya jaribio moja inaonekana ndogo mpaka upige hesabu. Jaribio la mwisho kwa kawaida hutumika kuupiga mpira mbali kwa mguu ili mpinzani aanzie kwake, kwa hiyo Mmarekani ana majaribio matatu ya kweli na Mkanada ana mawili. Mmarekani akipata yadi tatu na ushei kila mara, anaendelea. Mkanada anahitaji tano. Mkimbiaji akigongwa na kuangushwa baada ya yadi mbili, Marekani hiyo ni hasara ndogo, lakini Kanada ni dharura. Ndiyo maana timu za huko hurusha mpira sana.

Urushaji huo unawezekana kwa sababu kila kitu kingine kimepangwa kuusaidia. Upana unawapa wapokeaji nafasi ya kutawanyika. Mtu wa 12 kwa kawaida ni mpokeaji wa ziada. Halafu kuna kitu kinachomshangaza kila Mmarekani anayeona mechi ya Kanada kwa mara ya kwanza. Kabla mpira haujaanzishwa, NFL inamruhusu mchezaji mmoja tu kutembea, tena asielekee mbele. Kanada wapokeaji kadhaa huanza kukimbia kuelekea mstari ulipo mpira kwa kasi yote, wakiulenga ule muda mpira unapotoka, na mlinzi aliyesimama tuli anajikuta ameachwa kabla hajageuka. Na ulinzi lazima ukae yadi moja kamili nyuma ya mpira. Ndiyo sababu jaribio la tatu likibakisha yadi moja, timu ya Kanada haisiti kulicheza, kwa kuwa yadi hiyo ni kama imetolewa bure.

Vitu hivi vinategemeana. Ukileta jaribio la nne, presha ya kurusha inalegea. Ukipunguza upana, wapokeaji wanaokuja kwa kasi wanakosa pa kwenda. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila badiliko ni kama linagusa mfumo huu au halifiki huko.

Hapa historia inawatia aibu kidogo wale wanaosema kila desturi ya uwanja wao ni urithi wa Kikanada usioguswa. Mei 1874, timu ya Chuo Kikuu cha McGill cha Montreal ilikwenda Cambridge, Massachusetts, kucheza na Harvard. Mechi ya kwanza ilichezwa kwa sheria za Harvard na wenyeji wakashinda. Ya pili ilichezwa kwa sheria za wageni, zilizokaribiana na raga, ikaisha sare bila pointi. Vijana wa Harvard waliupenda mchezo wa wageni wakaushika, na mwaka uliofuata wakacheza na Yale kwa sheria za namna hiyo. Futiboli ya Marekani basi imepitia mikononi mwa Wakanada.

Ila mkondo ukageuka upesi. Mwaka 1882, kwa msukumo wa Walter Camp wa Yale, Wamarekani walianzisha utaratibu wa majaribio, na yalikuwa matatu, ya kusogea yadi tano. Uwanja wao ulikuwa na urefu wa yadi 110. Mwaka 1912 wakaongeza jaribio la nne na kuukata uwanja hadi 100. Kanada ilikuwa imeingiza majaribio matatu kwa yadi 10 pamoja na wachezaji 12 kupitia sheria za Burnside za mwaka 1903, nayo ikabaki hapo. Pasi ya mbele iliruhusiwa Marekani mwaka 1906. Kanada ilisubiri hadi 1929 kuijaribu na 1931 kuikubali kikamilifu. Milingoti ya goli nayo ilikaa kwenye mstari wa goli katika NFL kuanzia 1933 hadi 1973, kisha msimu wa 1974 ikarudishwa nyuma.

Kwa maneno mengine, sehemu ya kinachoitwa utambulisho wa Kanada ni mambo ambayo Wamarekani waliyaacha na Wakanada wakachelewa kuyaacha. Hilo halimaanishi hayana thamani. Kuchelewa huko ndiko kulikouzaa mchezo wa aina yake. Lakini kunatufundisha tusilinde kila kitu kwa nguvu ileile.

Tuanze na milingoti. Kuwa na vyuma vilivyosimama kwenye mstari wa goli, katikati ya njia ambamo wapokeaji wanakimbia, ni hatari na ni kero. Kwotabeki hulazimika kufikiria chuma kana kwamba ni mlinzi wa 13. Kuiondoa kunaufungua mchezo wa pasi karibu na goli, na huo ndio mchezo Kanada inaojivunia. Tena mpira uliopo kwenye mstari wa yadi 20, ambao leo unapigwa golini kutoka yadi 27 hivi, utapigwa kutoka 42. Kocha atafikiria mara mbili kabla ya kumwita mpigaji. Hapa naunga mkono mia kwa mia.

Pointi moja, wanayoiita ruji, ndiyo iliyozua kelele zaidi. Mpira ukipigwa kwa mguu ukaingia eneo la mwisho na mpinzani asiweze kuutoa, aliyepiga anapata pointi moja. Kwa sheria ya zamani ilitosha mpira upite nje kabisa, hata kama ni goli lililokosewa. Mechi ikiwa sare sekunde za mwisho, timu ingeweza kukosa goli na bado ikashinda. Wakosoaji wanasema huko ni kumzawadia mtu aliyekosea. Watetezi wanakumbusha upande wa pili: timu inayojihami huweka watu wenye mguu mzuri ndani ya eneo lao, wakaupokea mpira na kuupiga tena nje, na wale wengine wakaurudisha, mpaka uwanja mzima unakuwa vurugu tamu. Sheria mpya inabakiza pointi iwapo mpokeaji amekamatwa ndani au amepiga goti, na inaiondoa mpira ukipita nje bila kuguswa. Naona wamepima vizuri. Pambano limebaki, sadaka imeondolewa.

Saa pia haina ubaya. Zamani timu ilikuwa na sekunde 20 tangu mwamuzi apulize filimbi, na waamuzi hawapulizi kwa kasi moja. Sasa ni sekunde 35 zinazoanza zenyewe mchezo uliopita unapoisha. Hata mshabiki wa kale anayekasirika sioni anatetea nini hapo.

Zinabaki yadi 10 zenyewe. Ligi ilikadiria kwamba mabadiliko ya uwanja na milingoti yataleta tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) 60 zaidi kwa msimu. Msimu wa kawaida una mechi 81, kwa hiyo nyongeza hiyo haifiki hata moja kwa mechi. Isitoshe, sehemu yake ni punguzo la safari tu. Timu inayoanzia kwenye yadi 35 yake leo ina yadi 75 za kwenda; uwanja ukikatwa itakuwa na 65. Pointi zitaongezeka bila mtu yeyote kucheza vizuri zaidi.

Mtetezi wa ukataji ana jibu, nalo si dogo. Mchezo wa futiboli huchezwa katika kipande cha yadi 30 au 40, na kinachompa mpokeaji wa Kanada nafasi ni upana, ambao haukuguswa. Hata baada ya kukatwa, uwanja utakuwa na yadi za mraba 8,450, bado theluthi moja zaidi ya wa Marekani. Mfumo niliousema, wa majaribio, upana, mtu wa 12 na mbio za wapokeaji, unabaki wote.

Ni kweli, lakini kuna sehemu moja ya mchezo inayoishi kwa urefu, nayo ni kurudisha mpira uliopigwa. NFL inamruhusu mpokeaji kuinua mkono ili asiguswe, na mchezo unakufa. Kanada haina huruma hiyo. Wapinzani wanatakiwa kumwachia yadi tano mpaka aushike mpira, baada ya hapo ni yeye na miguu yake. Katika fainali ya Kombe la Grey, kombe la ubingwa wa CFL, ya 2022 mjini Regina, Janarion Grant wa Winnipeg aliushika mpira karibu na goli lake na kukimbia yadi 102 mpaka tachidauni. Kwenye uwanja wa yadi 100, mbio hizo zingebidi zianzie ndani ya eneo lake la mwisho. Winnipeg walifungwa hata hivyo, 24 kwa 23. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Henoc Muamba wa Toronto Argonauts, aliyezaliwa Kinshasa na kukulia Kanada, baada ya kuikamata pasi ya Winnipeg dakika za mwisho.

Muamba anafungua mlango wa suala ambalo vipimo vya uwanja vimelifunika. CFL inazilazimisha timu kuanza mechi na idadi maalumu ya Wakanada, na bila kanuni hiyo nafasi nyingi zingekwenda kwa Wamarekani waliokosa NFL. Futiboli ya Kanada imekuwa kimbilio la Wamarekani walionyimwa nafasi kwao. Bernie Custis alicheza kwotabeki Hamilton mwaka 1951, wakati ambapo kwao Mwafrika-Mmarekani hakuaminiwa kazi hiyo. Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL mwaka 1978. Alikwenda Edmonton, akachukua Kombe la Grey mara tano mfululizo, na ndipo NFL ikamfuata. Uwanja mpana na majaribio matatu vilimtaka kwotabeki mwenye miguu na mkono, na vipaji hivyo ndivyo NFL ilivyokuja kuvitafuta baadaye.

Kwa nini basi ligi inabadilika? Fedha. Timu ya NFL iliruhusiwa mwaka 2025 kutumia zaidi ya dola milioni 279 za Kimarekani kwa mishahara, wakati ya CFL ilikuwa na takriban milioni 6 za Kanada. Kijana wa Toronto anatazama NFL kila Jumapili, na uwanja wenye yadi 100 unamwonekea wa kawaida. Viwanja navyo vina neno lao. Toronto wanacheza katika uwanja wa kandanda ambako maeneo ya mwisho hayajatimia yadi 20, na Montreal pembe za maeneo hayo zimekatwa kwa kukosa nafasi. Hoja hii ya viwanja ina ukweli kuliko ile ya tachidauni, na ligi ingeipa sauti zaidi watu wangeielewa.

Lakini kufanana na Marekani hakujawahi kuilipa CFL. Kati ya 1993 na 1995 ilifungua timu Marekani. Baltimore ikachukua Kombe la Grey mwaka 1995 bila kubanwa na kanuni ya Wakanada, na mwaka uliofuata hapakubaki timu hata moja ya Kimarekani. Mtu anayetaka mchezo wa NFL ataitazama NFL.

Johnston amesema majaribio matatu, wachezaji 12 na upana havitaguswa. Ahadi hiyo ndiyo ya kushikwa kwa mikono miwili, kwa sababu jaribio la nne likiingia, hesabu yote niliyoieleza inavunjika. Kwa hizi yadi 10, njia ya kati ilikuwapo. Wangeacha uwanja na yadi zake 110, wakapunguza maeneo ya mwisho hadi 15, wakarudisha milingoti nyuma. Milingoti ingetoka njiani, viwanja vifupi vingepumua kwa yadi 10 kwa jumla, na mstari wa katikati ungeendelea kusomeka 55. Mpaka 2027 rangi haijapakwa, na wenye timu bado wanaweza kukaa mezani.