Waliniambia Ni Filamu ya Dobi

Mimi ni dobi. Nafua, naanika, napiga pasi, nakunja, halafu nakaa kusubiri mtu aje na hadithi ya kwa nini hana hela leo. Mwaka wa 14 huu. Kwa hiyo mpwa wangu aliponiambia, "Mjomba, kuna filamu ya mama dobi anakaguliwa kodi, imebeba Oscar 7," nilifunga kibanda saa 12 jioni, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya harusi yangu mwenyewe.

Oscar saba! Kwa dobi! Nikajisikia na mimi nimeitwa jukwaani.

Nikamchukua na mama watoto, maana nilihesabu hii ni safari ya kikazi. Tukaenda banda la video la mtaani, kiingilio 500, watoto 200 ila wakae chini kwenye mkeka. Filamu inaitwa Everything Everywhere All at Once, jina refu kama foleni ya Mbagala. Mwenye banda ubao ukamwishia, akaandika kwa chaki: MAMA DOBI KUNG FU. Hadi leo nasema hakuna aliyeieleza vizuri zaidi yake.

Mwanzo nilifurahi sana. Mama wa Kichina, yuko Marekani, ana duka la kufulia nguo kwa mashine. Meza haionekani kwa risiti. Mume anamwita, hasikii. Baba yake mzee kaja kutoka China, anataka chakula. Binti kaja na yake. Wateja huko chini wanalalamika. Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu aliyewahi kuja kunirekodi nyumbani. Na namna wanavyoongea! Kimandarini, Kikantoni na Kiingereza, vyote kwenye sentensi moja. Kwetu ndiyo hivyohivyo: mama mkwe anaanza na Kizigua, mke wangu anajibu Kiswahili, mtoto anadakia na Kiingereza cha shule, na mwisho wote wanakubaliana kwamba mwenye kosa ni mimi.

Wakaenda kwa mkaguzi wa kodi. Mama mmoja mtu mzima, kakunja uso, anachukua risiti moja, anachukua kalamu, anaizungushia duara jeusi taratibu. Risiti ya mashine ya karaoke. Anataka kujua karaoke na kufua vinahusiana vipi. Jasho lilinitoka, wallahi. Mimi niliwahi kuiandika sabufa kwenye matumizi ya biashara. Nikajieleza kwamba nguo hukauka vizuri zikisikia taarabu. Naijua ile duara. Naijua na ile kalamu.

Hapo ndipo filamu yangu ilipoishia. Baada ya hapo ilikuwa ya watu wengine.

Kwenye lifti yule mume, mpole kama maziwa, anabadilika ghafla, anafungua mwavuli kuziba kamera na kumwambia mkewe kwamba ulimwengu si mmoja, iko mingi isiyohesabika, na katika kila mmoja yuko yeye mwingine. Kuna aliye nyota wa sinema, kuna mpishi, kuna mwimbaji. Ukitaka kuazima ujuzi wa mwenzako wa huko, fanya kituko ambacho mtu mwenye akili hafanyi. Vaa viatu kinyume. Tafuna mafuta ya midomo. Sasa ngoja nikuulize, hivyo ni vituko? Njoo ukae barazani kwangu siku moja tu.

Mtafsiri wetu ni hodari, kakuzwa na filamu za ngumi, lakini pale alipata tabu. Ukimsikiliza ilikuwa hivi: "Sasa mama kaingia ulimwengu mwingine... katoka... kaingia tena... jamani, huyu mama ana kibali cha kudumu!" Baadaye akachoka kabisa, kila kitu akawa anasema, "Huyu ni yuleyule, ila siye."

Banda likagawanyika vipande. Fundi baiskeli akashikilia kwamba flashi ina virusi. Picha ikibadilika tu: "Ichomoe uipulize!" Halafu kutwa nzima anauliza Jackie Chan yuko wapi. Mpwa wangu, ambaye huwa hawezi kunyamaza akijua kitu, akamweleza kwamba kweli wale waandishi mwanzoni walimfikiria Jackie Chan, baadaye wakabadilisha, wakampa mwanamke, Michelle Yeoh wa Malaysia, na mwaka 2023 akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kuchukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Fundi akasema sawa, lakini Jackie yuko wapi. Alipoambiwa waongozaji ni wawili na wote wanaitwa Daniel, akajipiga paja: "Si ndiyo maana! Usukani mmoja, madereva wawili!"

Mzee wa kahawa alisinzia mapema. Akazinduka pale ambapo watu wana vidole vya soseji, virefu, vinaning'inia, wanapapasana navyo. Akasema astaghfirullah, akajigusa paji la uso kupima homa, akalala tena. Watoto wa kwenye mkeka, kwao hiyo ndiyo ilikuwa filamu. Hawakuomba kingine.

Vijana wa bodaboda wao walinyanyuka siku moja tu, namaanisha sehemu moja: yule mume alipofungua kibegi cha kiunoni, kilekile wanachovaa wauza vocha, akaanza kuwachapa walinzi nacho. Anakirusha, kinajizungusha, kinarudi. Benchi lilivunjika. Mpwa akasema yule bwana, Ke Huy Quan, aliigiza filamu na yule nyota wa Marekani, Harrison Ford, mwaka 1984 akiwa mtoto, halafu kazi zikakauka, akakaa miaka mingi nyuma ya kamera, ndipo akarudi na hii na akaondoka na Oscar yake. Miaka yote hiyo walimtunzia nafasi! Mimi mteja asipoonekana miezi miwili, shuka lake nishalala nalo.

Sasa ikafika ya mawe.

Mawe mawili. Yamekaa juu ya genge, jangwani. Hakuna sauti, hakuna muziki, maandishi tu yanatokea. Banda zima likasikia jenereta. Mtafsiri kanyamaza. Tukamgeukia. Akakohoa, akasema, "Mawe."

Tukasubiri.

"Bado mawe."

Watu wakaanza kudai 500 zao. Fundi kasimama anaitafuta flashi mwenyewe. Nageuka kumwambia mke wangu tuondoke, namkuta analia. Yeye anasoma Kiingereza, alikuwa anafuatilia yale maandishi. Jiwe moja mama, jiwe jingine binti yake, wanaongea. Nikamuuliza, "Unalilia mawe?" Akanijibu, "Wewe hutaelewa," kwa ile sauti ambayo huitumia nikisahau siku ya kikoba.

Dakika 139, ndugu yangu. Nilizihesabu kwa mgongo. Binti kakata tamaa na dunia, kaweka kila kitu duniani juu ya mkate wa duara wenye tundu katikati mpaka umekuwa mweusi unataka kummeza. Mpishi anaendeshwa na mnyama aliyejificha ndani ya kofia yake. Eti maajabu mengi ya kompyuta waliyatengeneza watu kama 5 tu. Sisi tuko watatu na soksi hatujawahi kuzilinganisha.

Kilichoniudhi zaidi nikiseme. Kuna ulimwengu ambamo yule mama ni nyota, na mume hawakuoana, wanakutana uchochoroni usiku, jamaa kavaa suti imekaa mwilini vizuri kabisa. Anamwambia kwamba katika maisha mengine angependa tu kufua nguo na kulipa kodi pamoja naye. Wanawake wote bandani wakashusha pumzi, shshshs, kama pasi ya mvuke. Mimi nikacheka kwa sauti. Mtu hajawahi kukamua blanketi la mtoto anayekojoa kitandani, anatamani kufua! Aje Jumatatu, beseni lipo. Na kodi yangu ailipe pia, tufue wote vizuri.

Nilicheka peke yangu. Kurudi nyumbani nilitembea mbele, mke wangu nyuma, kimya.

Na tangu siku hiyo sina amani. Nikimuuliza hela ya sabuni, ananiambia, "Kwenye ulimwengu mwingine nimeshakupa." Nikiuliza chakula, naambiwa kwenye ulimwengu mwingine nimeshiba. Asubuhi ananiangalia ninavyosugua kola, anasema kwa huruma, "Angalau tungekuwa tunafua wote." Nikamwambia karibu, beseni lile. Akaingia ndani.

Watoto nao. Kwenye filamu yule mume anabandika vijicho vya plastiki kila mahali, kwenye mizigo ya nguo, mpaka mkewe anajibandika kimoja kwenye paji la uso. Sisi hatuna vijicho vya plastiki. Ila tuna vifungo. Wamekata vifungo 6 vya shati jeupe la bwana harusi, wakavitia doa kwa kalamu, wakavigundisha. Alfajiri nakwenda kuwasha mkaa, giza bado, moshi umetanda, nageuka naikuta pasi inaniangalia. Nilitamka shahada. Ilipopata moto, kifungo cha kushoto kikaanza kuyeyuka taratibu. Pasi ikanikonyeza.

Saa 2 bwana harusi kafika na gari lina maua. Kafungua shati, kaligeuza mbele na nyuma, kauliza kwa upole wa kutisha, "Dobi, vifungo viko wapi?" Nikaona hapa hakuna ujanja, niifuate filamu. Nikavua kandambili mbele yake, ya kulia nikaivaa kushoto, ya kushoto kulia, nikafumba macho nikavuta pumzi.

Nilipofumbua alikuwa palepale, kashika risiti.