Pevingi arobaini za pembe tano

Nilitaka uwanja wangu hapa Isevya, Tabora, usifanane na wa mtu. Mtaani kwetu kila aliyeweka pevingi kaweka za mawimbi au za pembe sita, nami nikamwambia fundi anichomelee kalibu ya pembe tano, pande zote sawa na pembe zote sawa. Akaitazama karatasi, akasema, "Bosi, hiyo haitakaa." Nikamjibu hela ni yangu. Tukafyatua arobaini za kuanzia.

Hazikukaa. Zikikutana tatu nchani zinaacha ufa, na ya nne haiingii. Usiku nikashika penseli, nikaona haya: kila pembe ya umbo lile ni nyuzi 108, tatu ni 324, na kuzunguka nukta ni 360. Nyuzi 36 zilizobaki ndio ufa wenyewe. Pembetatu ya pande sawa ina 60, mraba 90, pembe sita 120, zote zinaigawa 360 bila baki. Kwa maumbo yaliyo sawa kila upande na kila pembe, ni hayo matatu tu yanayojaza sakafu peke yake. Nyuki wa miombo yetu walishachagua la tatu kwenye masega yao.

Hesabu hiyo niliifaulu sekondari, na ndicho kinachonikera. Nilijua kukokotoa pembe za ndani, ila hakuna aliyewahi kunipa mkasi nikazione zikikutana. Mimi nasema somo hili lianze na boksi la sabuni, fomula itajileta.

Jaribu. Kata umbo la pande nne, la hovyo upendavyo, hata lililobonyea upande mmoja. Pembe zake ziandike 1, 2, 3 na 4. Lichore, kisha lizungushe nusu mzunguko ukilishikilia katikati ya upande mmoja, uchore tena. Fanya hivyo kila upande. Karatasi itajaa bila mwanya, na kila nchani utakuta 1, 2, 3 na 4 zimekutana. Binti yangu alikwenda mbele zaidi: alimega kipande upande wa kushoto wa mraba, akakisogeza bila kukigeuza, akakigundisha kulia, na juu na chini vilevile. Akapata kitu anachoapa ni samaki, mgebuka. Mimi naona bata, lakini bata wale wameshikana vizuri kabisa.

Na pembe tano hazina laana. Miaka ya 1970, wataalamu wakidhani aina zinazojaza sakafu zimekwisha kuorodheshwa, Marjorie Rice, mama wa nyumbani wa California mwenye hisabati ya sekondari tu, alizichora jikoni kwake akapata nne mpya. Leo zinajulikana aina 15 zisizo na pembe iliyobonyea, ya mwisho ilipatikana mwaka 2015. Kosa langu lilikuwa kung'ang'ania usawa.

Nikarudi kwa fundi na boksi nililokata: mraba wenye paa, kama nyumba anayochora mtoto. Zipange ubavu kwa ubavu, halafu nyingine zigeuze kichwa chini ziingie katikati ya mapaa. Akazisogezasogeza chini kwa kidole.

"Hii inakaa," akasema. "Zile arobaini je?"

Ziko chini ya pipa la maji, nyufa nimezijaza mchanga.