Ndoto Arobaini na Saba, Wahitimu Arobaini na Sita

Mwaka 2016 nilikuwa nikimaliza kidato cha sita, tahasusi ya HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), katika shule moja ya bweni mkoani Dodoma ambayo sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya walimu walioshuhudia haya bado wako pale na tukikutana mjini hunisalimia vizuri. Shule hiyo ilikuwa na desturi yake ya mahafali. Kabla mhitimu hajapanda jukwaani kupokea cheti kutoka kwa mgeni rasmi, mshereheshaji alisoma sentensi mbili tatu za kumwelezea: tabia yake, vituko vyake na ndoto yake ya maisha, kwa utani ambao mzazi angeweza kuuvumilia. Kazi ya kuuandika utani huo hupewa kila mwaka mwanafunzi mmoja wa HKL, nadhani kwa imani kwamba mtu asiyesoma fizikia hukosa la kufanya jioni. Mwaka huo iliniangukia mimi, nami niliipokea kwa unyenyekevu wa uongo.

Tulikuwa 47. Niliandika mwezi Novemba wa mwaka uliotangulia, wakati wa prepo, kwenye kurasa za nyuma za kauntabuku langu la historia. Kiranja wa chakula, aliyetaka kuwa waziri wa fedha, nilimwandikia kwamba anafaa kabisa, kwa sababu kila Jumamosi aligawa nyama kwa watu mia tatu, wote wakalalamika kuwa haitoshi, naye bado akabakiwa na minofu minne. Binti wa PCB (fizikia, kemia na bayolojia) aliyejiita Daktari tangu siku aliyoripoti nilimtabiria ubingwa wa upasuaji, maana siku ya kumpasua chura maabara, chura alilala kwa utulivu na yeye ndiye aliyezimia. Kijana mmoja wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu), nilipomuuliza ndoto yake, alijibu kwa neno moja, "Bumu," yaani ile fedha ya kujikimu ambayo Bodi ya Mikopo huwapa wanafunzi wa chuo kikuu. Nikaandika kwamba akishaipokea hana mpango mwingine wowote duniani. Januari, serikali iliporudisha madaraja ya ufaulu badala ya GPA, yaani wastani wa pointi, nilifungua tena kauntabuku nikamwongezea mtaalamu wetu wa hesabu kwamba mwaka na nusu amejikokotolea GPA hadi nukta ya mwisho, na sasa inambidi aanze upya kujipa daraja la kwanza.

Mlezi wa klabu ya Kiswahili alizisoma sentensi zote, akacheka, akafuta mbili, kisha akanipa ushauri wa busara kwamba nisiandike majina, kwa sababu karatasi ikidondoka bwenini kabla ya siku yenyewe vita vitazuka. Kwa hiyo niliuandika wasifu wa kila mtu kwa namba tu, 1 hadi 47, kwa kufuata alfabeti ya rejista. Majina yangetoka katika orodha ya mwalimu wa taaluma, iliyofuata alfabeti hiyo hiyo. Mshereheshaji angeshika karatasi mbili, jina mkono wa kushoto na utani mkono wa kulia.

Namba 9 hakurudi baada ya likizo ya Desemba. Alituma ujumbe kwamba amepata kazi ya utingo kwenye lori la Tunduma na kwamba tusimsubiri. Mwalimu wa taaluma, ambaye ni mtu makini, alilifuta jina lake na kupanga namba upya, 1 hadi 46. Mimi sikufuta kitu. Wasifu wa namba 9 niliupenda mno: kijana yule alikuwa mrefu kupita kiasi, na nilikuwa nimeandika kwamba shule haikuwahi kuwa na kitanda cha kumtosha, kwamba ndoto yake ni kupaka rangi dari za Bunge bila kutumia ngazi. Nilijiambia kwamba siku ikifika nitamnong'oneza mshereheshaji airuke namba hiyo. Siku ilipofika nilikuwa nikihangaika na joho, kwa kuwa majoho yalikuwa ya kukodi na langu liliishia magotini, na jambo hilo likanitoka kabisa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi yenye jua kali. Maturubai yalifungwa uwanjani, wazazi wakafika na mashada ya maua ya karatasi, na babu yangu akateremka kutoka Kondoa na basi la alfajiri pamoja na mama yangu. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na juu yake koti la suti. Babu ndiye mchinjaji wa kijiji chetu, mtu wa maneno machache, na kwa miaka miwili alikuwa hajaelewa ninasoma nini. Nilipomwambia kwamba ni HKL, alisema mabasi hayo hajawahi kuyaona njia ya Kondoa.

Risala ilisomwa, ikaomba maji, uzio na basi la shule, kama ilivyoomba mwaka uliotangulia. Wahitimu wanane wa kwanza wakaitwa na mambo yakaenda kwa utaratibu. Kisha likaitwa jina la binti mfupi kuliko wote shuleni, ambaye gwaridani alisimama mbele ili asipotee, na mshereheshaji akatangaza kwa sauti nzito kwamba shule haikuwahi kuwa na kitanda cha kumtosha.

Uwanja uliangua kicheko, na hapo ndipo ilipokuwa bahati mbaya yangu. Laiti watu wangenyamaza, mshereheshaji angeshtuka na kuangalia karatasi zake upya. Lakini watu walidhani ni utani wa kinyume, nao ulikuwa mtamu kweli, kiasi kwamba mgeni rasmi alivua miwani akafuta machozi. Aliyefuata alikuwa kijana ambaye kwa miaka miwili tulimsikia akizungumza mara mbili, na moja ya hizo alikuwa anaota. Yeye alipewa wasifu wa yule binti mfupi: kwamba sauti yake husikika hadi stendi, kwamba amezaliwa kuwa jaji, na kwamba bweni zima halijamaliza ugomvi wa ndoo bila yeye kupiga kelele. Kicheko kikazidi. Mshereheshaji akaanza kutembeatembea jukwaani kama mtu aliyegundua kipaji chake ukubwani.

Mimi nilikuwa mwisho wa mstari, kwa kuwa jina langu linaanza na Z. Hesabu ilinijia pale pale, jasho likanitoka ndani ya joho. Kutoka kwenye mstari kulikuwa mwiko, kwa sababu makamu mkuu wa shule alisimama ubavuni mwetu na uso wake wa siku za ukaguzi. Nikamnong'oneza aliye mbele yangu: "Mwambie emsii ashuke mstari mmoja, anasoma wa juu." Ujumbe ukapita mdomo kwa mdomo, mgongo kwa mgongo, watu zaidi ya thelathini. Nikauona unafika, nikamwona wa mbele kabisa akimwinamia mshereheshaji sikioni, naye akatikisa kichwa kwa shukrani, akashusha stendi ya maikrofoni kidogo, kisha akaendelea kama alivyokuwa.

Kuanzia hapo utani ulianza kuuma. Tulikuwa na mwenzetu tuliyemwita Balozi, ambaye nilimwandikia kwamba ana wachumba katika shule nne na zote zina amani, hivyo diplomasia iko damuni. Maneno hayo yalimwangukia anayemfuata kwenye alfabeti, kiongozi wetu wa maombi, kijana ambaye alishika kitabu cha nyimbo hata akienda kuoga. Baba yake ni mchungaji, naye alikuwa ameketi safu ya mbele. Alimtazama mwanawe, akahesabu kitu kwa vidole vya mkono mmoja, nadhani hadi vinne, kisha akafunga macho. Kwa upande wake, wasifu wa kiongozi wa maombi ulimwendea mtu tuliyemwita Chui, ambaye mara mbili alirudishwa nyumbani kwa kuruka ukuta. Mshereheshaji akasoma kwa hisia: "Huyu hukesha usiku kucha kwa ajili ya wenzake, na alfajiri humkuta akiwa amepiga magoti." Walimu walianza kukohoa. Mlinzi wa geti la nyuma, ambaye ndiye aliyewahi kumkuta akiwa amepiga magoti alfajiri, chini ya waya, aligeuka akatazama mlima. Mama yake Chui alilia kwa furaha, akamvisha mashada mawili, na mpaka leo nasikia haamini jambo lolote baya aliloambiwa na ile shule.

Wa Chui ukamwendea Daktari. Baba yake ni askari mstaafu, na alisimama wima, mikono ubavuni, kusikiliza kwamba binti yake "anaijua michongoma ya uzio kuliko mwalimu wa bayolojia, na giza halijawahi kumpoteza njia." Hakukaa hadi sherehe ilipoisha. Wa chura nao ukamwangukia kiranja wa chakula. Watu waliposikia kwamba kiranja wa chakula anapasua vyura, vijana wa kidato cha tano walianza kutazamana, wakiikumbuka nyama ya Jumamosi kwa jicho jipya, na mpishi mkuu akanyanyuka nyuma ya turubai akiwa na mwiko mkononi akitaka apewe nafasi ya kujieleza.

Hapo makamu mkuu alipiga hatua kuelekea jukwaani. Lakini mgeni rasmi, aliyekuwa amejiinamia kwa kicheko, aliinua mkono kuashiria kazi iendelee, na katika nchi yetu mgeni rasmi akishaonyesha ishara hakuna mtumishi wa umma atakayeshusha maikrofoni. Makamu alirudi kinyumenyume hadi mahali pake. Mlezi wa klabu ya Kiswahili alinitafuta kwa macho kwenye mstari, akanipata, akatikisa kichwa taratibu.

Zamu yangu ikafika. Aliyenitangulia kwenye alfabeti alikuwa mlaji mkuu wa shule, mtu ambaye hakukosa siku ya nyama hata alipougua malaria, na wasifu wake ndio uliosomwa nilipokuwa nikipanda ngazi: "Huyu hana makuu. Hataki chuo wala hasubiri ajira. Nia yake ni kufungua bucha katikati ya mji, auze nyama safi kwa mizani ya haki, na wasiwasi wetu ni mmoja tu, kwamba mteja wa kwanza atakuwa yeye mwenyewe, tena kwa mkopo." Mama alipiga vigelegele. Babu hakucheka. Alisimama, akaegemea fimbo, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu nizaliwe, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe miaka mingi akamwona anarudi zizini kwa miguu yake.

Nikapokea cheti, nikashuka, nikashukuru Mungu kwamba yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu ndoto zilikuwa 47 na wahitimu 46.

"Naona imebaki moja," alisema mshereheshaji, akigeuza karatasi, "tena ndefu kuliko zote. Mwenyewe yuko wapi?"

Lazima nikiri hapa kwamba wenzangu niliwapa sentensi mbili au tatu kila mmoja, na mimi mwenyewe nilijipa nusu ukurasa. Mlezi aliponiuliza Novemba, nilimwambia kwamba namba 47 nimeandika kwa mwandiko mkubwa. Sasa mwandiko huo ulisomwa wote, polepole, mbele ya wilaya nzima: kwamba huyu ni kijana mpole mwenye kipaji adimu, kwamba kalamu yake huwaliza walimu na kuwaliwaza, kwamba ni mzuri wa sura lakini hajisifu, kwamba Umoja wa Afrika ulikwishakikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi na kilichobaki ni kumkubali yeye, kwamba taifa litamwelewa baadaye. Hakuna aliyecheka. Wanafunzi wote walijua nani kaandika, na vichwa vilianza kugeuka kimoja kimoja kuelekea kwangu, nami nikajifanya nafunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba.

Katika ukimya huo ikasikika sauti ya babu, ambaye huongea kwa nguvu kwa sababu sikio moja limeanza kumtoka. Alimwinamia mama akauliza: "Huyu anayejisifu hivi ni mtoto wa nani? Wazazi wake wameketi wapi?"

Mama, Mungu amweke, alimjibu kwamba hawakuja.

Tulipokuwa tukila pilau chini ya mwarobaini, nilimwamkia babu kwa mara ya pili, nikajiandaa kumweleza ukweli kuhusu karatasi mbili na yule utingo wa Tunduma. Hakunipa nafasi. "Mjukuu wangu," alisema, akiunyoshea kidole mfupa wa kwenye sahani yangu, "kumbe muda wote huu ulikuwa na akili." Alisema kazi ya nyama haina aibu, yeye ameifanya kwa mkono tangu ujana, na kama nilikuwa nikiogopa kumwambia, sasa amesikia kwenye spika. Akaahidi mbuzi wawili majike wa mtaji.

Matokeo yalipotoka Julai nikachaguliwa kwenda chuo kikuu kusoma Kiswahili. Nilikwenda Kondoa mwenyewe kumpa habari. Babu alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama hicho Kiswahili wanachofundisha huko ni tofauti na hiki tunachoongea. Nilipomwambia ni hicho hicho, alinyamaza kidogo, kisha akasema si vibaya, muuza bucha anatakiwa ajue kuongea na wateja. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuzaa. Kila likizo alinitajia hesabu ya mtaji: watano, wanane, kumi na mmoja. Mara ya mwisho nilipokwenda walikuwa kumi na wanne, na babu alikuwa amekwisha kuulizia mjini bei ya mizani.