Chombo Kikianguka Mwezini Leo, Hakiifuti 1969

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma. Jamaa anauliza: kama Wamarekani walitua Mwezini mwaka 1969 na kikompyuta kisichofikia hata simu ya tochi, mbona leo, na mitambo yote hii, vyombo vinaanguka? Anacheka, na sauti inaishia hapo. Sasa imekuwa kauli ya kufungia mjadala vijiweni Mwanga na kwenye mabenchi ya kahawa Ujiji: hawajaenda, ilichezwa studio.

Swali ni zuri. Kinachoudhi ni kwamba linaulizwa ili lisijibiwe. Kwa sababu jibu lipo, na linaanzia kwenye kuanguka kwenyewe.

Chombo kinachozunguka Mwezi kwa chini kinakwenda kama kilomita 1.7 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 6,000 kwa saa. Anayerudi duniani anasaidiwa na hewa: inamkwangua, inampunguza mwendo, mwisho anafungua mwavuli. Mwezini hewa hakuna, na mwavuli hauna cha kushika. Mwendo wote ule sharti uuliwe na injini, kwa mafuta uliyobeba kutoka nyumbani, na kila kilo ya mafuta unayoongeza ni uzito mwingine wa kusimamisha. Apollo 11, chombo cha Wamarekani kilichotua mwaka ule wa 1969, ilianza kufunga breki ikiwa kimo cha kilomita 15, na bado ina kilomita 480 hivi hadi pa kutua. Hiyo ni zaidi ya njia nzima ya Tabora hadi Kigoma, injini ikinguruma mfululizo, kwa dakika 12 na ushei.

Na huwezi kukiendesha kutoka duniani. Mawimbi ya redio huchukua sekunde 1.3 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ukiona kosa kwenye skrini, limeshatokea. Amri yako ikifika, hali imeshabadilika. Kwa hiyo chombo kisicho na mtu kinaamua chenyewe, na uamuzi mgumu kuliko yote ni huu: niko juu kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, tukae hapa kidogo. Chombo kina hesabu yake ya ndani inayokumbuka kila msukumo, kina pia rada au leza inayopima hadi ardhini. Viwili hivyo vikipingana, programu inachagua kimoja cha kuamini. Aprili 2023 chombo cha Japani cha Hakuto-R kilikuwa kinashuka vizuri. Kikapita juu ya ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la Mwezini, ardhi chini yake ikaporomoka ghafla kwa kama kilomita 3. Rada ilisema kweli: tumeachwa juu zaidi. Programu ikaona badiliko hilo ni kubwa mno, ikahukumu kwamba rada imeharibika, ikaacha kuisikiliza. Chombo kikaendelea kushuka polepole, kwa adabu, hadi kikaamini kimefika sifuri. Kilikuwa bado kama kilomita 5 juu. Kikabaki kinaelea kikitafuta ardhi mpaka mafuta yakaisha.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kupiga hesabu iliyobaki. Mvutano wa Mwezi ni mita 1.62 kwa sekunde ya mraba. Kitu kikiachiwa kutoka mita 5,000 kinaanguka kwa sekunde zisizofika 80, na kinagonga kwa mwendo wa kama mita 127 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Mvutano mdogo haukuokoi. Na chanzo cha yote? Mahali pa kutua palibadilishwa baada ya programu kuwa imeshapangwa, na ule ukingo haukupewa uzito wake kwenye majaribio ya kompyuta. Wahusika wenyewe walilisema hilo hadharani.

Vingine navitaja kwa mstari. Beresheet ya Israeli, Aprili 2019: kifaa kimoja cha kupima mwendo kilileta hitilafu, kujaribu kukiwasha upya kukazima injini kuu, na ilipowaka tena muda ulikuwa umeisha. Luna 25 ya Urusi, Agosti 2023: injini iliyotakiwa kuwaka sekunde 84 iliwaka 127. Odysseus ya Marekani, Februari 2024: swichi ya usalama ya leza ya kupimia kimo haikufunguliwa kabla ya kuruka; kikatua kwa kasi, mguu ukavunjika, kikainama.

Je, hapo kuna mahali kompyuta ilishindwa kwa kukosa nguvu? Hakuna. Ndiyo maana hoja ya simu ya tochi haisimami. Kompyuta ya Apollo ilikuwa na maneno (vipande vidogo vya taarifa) 36,864 ya kumbukumbu ya kudumu na 2,048 ya kufutika, na ilitosha kwa sababu kazi yake ilikuwa moja. Ilipozidiwa wakati wa kushuka na kutoa onyo la 1202, ilifanya ilichoandikiwa: iliacha kazi ndogo, ikashika kubwa. Zaidi ya hapo ndani ya chombo mlikuwa na macho ya binadamu. Neil Armstrong aliona kompyuta inawapeleka kwenye mawe makubwa kando ya kreta, akashika usukani, akavuka, akatafuta pa tambarare. Hakuto-R haikuwa na mtu wa kuchungulia dirishani na kusema bado tuko juu.

Apollo 14, Februari 1971, inaonyesha hilo vizuri zaidi, wala haisimuliwi. Kabla ya kushuka, kompyuta ilianza kupokea ishara kwamba swichi ya kughairi imebonyezwa, na hakuna aliyeigusa. Ilidhaniwa kipunje cha risasi ya kuchomelea kinaelea ndani ya swichi na kugusanisha nyaya. Fundi redio yeyote anaijua balaa hiyo. Waligonga paneli, ishara ikapotea, kisha ikarudi. Ingetokea injini inawaka, chombo kingejirusha juu na safari imekwisha. Duniani wakaandika haraka maelekezo ya kuifanya kompyuta isiijali swichi ile, mwanaanga Edgar Mitchell, aliyekuwa ndani ya chombo, akayaingiza namba kwa namba kwa mkono, na wakatua.

Tena Apollo haikuanza na Apollo. Luna 1 ya Wasovieti, Januari 1959, iliukosa Mwezi kwa kama kilomita 6,000. Luna 2 iliugonga Septemba mwaka huo. Ranger 3 ya Wamarekani iliukosa mwaka 1962, Ranger 4 ikagonga upande wa nyuma ikiwa bubu, Ranger 5 ikapita, Ranger 6 ikafika na kamera hazikuwaka. Ya 7, Julai 1964, ndiyo iliyotuma picha 4,308 kabla ya kugonga. Kutua taratibu kuliwashinda Wasovieti zaidi ya mara kumi kabla ya Luna 9, Februari 1966. Miaka kumi ya mabati kugonga vumbi, halafu mtu anakwambia walikurupuka tu wakatua.

Nakubali mambo mawili, ingawa sipendi. Wasovieti walificha, chombo kilichokwama kwenye mzingo wa Dunia walikipa jina la Kosmos kana kwamba hakikukusudiwa Mwezi. Na Wamarekani walifuta kanda za awali za matangazo ya Apollo 11 ili wazitumie tena. Nakala za televisheni zilibaki, lakini ule ulikuwa uzembe, na uvumi umeula. Kuhusu "mbona hawakurudi": walirudi, mara tano, hadi Desemba 1972, watu 12 wakakanyaga. Kilichowasimamisha ni bajeti.

Wanaostahili kusimuliwa shuleni Kigoma ni Wahindi. Chombo chao kilianguka Septemba 2019: injini zilisukuma kupita ilivyotarajiwa, makosa yakarundikana, programu ikakizuia kugeuka haraka kujisahihisha, na kilikuwa kimepewa kiwanja cha mita 500 kwa 500 tu. Wakarudi mezani. Miguu ikaimarishwa, mafuta yakaongezwa, injini moja kati ya tano ikaondolewa, kiwanja kikawa kilomita 4 kwa 2.4. Tarehe 23 Agosti 2023, siku nne baada ya Luna 25 kuanguka, wakatua karibu na ncha ya kusini.

Sasa, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi inapumzika Kibirizi. Jioni hiyo tazameni mashariki, Mwezi unapochomoza nyuma ya vilima. Upande wa juu kuna doa jeusi dogo la mviringo, limejitenga na mengine. Wanasayansi wa anga wanaliita Mare Crisium. Luna 15 iligonga pale tarehe 21 Julai 1969, Armstrong na mwenzake Aldrin wakiwa bado juu ya Mwezi huohuo. Luna 23 ilitua pale mwaka 1974 ikalala ubavu, haikuweza kuchimba. Luna 24 ilishuka kilomita chache kutoka hapo Agosti 1976, ikachimba mita 2, ikarudisha gramu 170 za udongo. Na Machi 2025 Blue Ghost ya Marekani ilitua pale ikiwa wima, kwa miguu yake yote minne.