Kilimanjaro Haukuwa Zawadi ya Malkia: Tuwaambie Nini Wasomaji Wadogo?

Watoto wengi wa Tanzania na Kenya hukua wakiambiwa kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro katika siku yake ya kuzaliwa, na kwamba ndiyo maana mpaka wa nchi hizi mbili, ulionyooka kwa sehemu kubwa ya safari yake, hupinda ghafla unapofika mlimani. Waongoza watalii huisimulia hadithi hii, na wapo walimu wanaoitumia kuchangamsha kipindi. Si ya kweli. Swali gumu zaidi ni iwapo inafaa kuwanyang'anya wasomaji wadogo hadithi inayowafanya wauhoji mpaka, na wakinyang'anywa, wapewe nini badala yake.

Kuivunja ni kazi nyepesi. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka huo kwa kubadilishana barua, shughuli iliyokamilika tarehe 1 Novemba 1886. Wilhelm wa Pili, ambaye kweli alikuwa mjukuu wa Victoria, alikalia kiti cha enzi Juni 1888. Kaiser wa mwaka 1886 alikuwa babu yake mzaa baba, mzee wa miaka 89. Wala Malkia hakuwa na mlima wa kumpa mtu, kwa kuwa ulikuwa nchi ya Wachaga, waliotawaliwa na wakuu wao mbalimbali, huku Sultani Barghash wa Zanzibar akidai kuwa nao uko chini ya himaya yake.

Hata hivyo, kupinda kwenyewe si uzushi. Mwanafunzi akichukua atlasi na rula, akaunganisha mlango wa mto Umba karibu na Vanga na mahali mpaka unapoingia Ziwa Victoria, ataona kwamba mstari ulionyooka ungepita karibu na mji wa Moshi wa leo na kukiacha kilele cha Kibo upande wa Kenya. Mpaka halisi unakwenda hadi Ziwa Jipe, unaiacha Taveta upande wa Kenya, unauzunguka mlima kwa mashariki na kaskazini, kisha unanyooka tena. Hapo kuna jambo linalodai maelezo, na hadithi ya zawadi ilishika kwa sababu hakuna aliyeleta maelezo mengine yanayosimulika.

Maelezo hayo yapo, nayo yana mvuto kuliko zawadi. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa miezi kadhaa mlimani na kurudi na hati za ardhi ya Taveta. Mwaka uliofuata Barghash alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, na wakuu wa Kichaga wakakubali bendera ya Sultani. Wiki chache baadaye akatokea Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akikusanya mikataba ya kudai ardhi, na Rindi, mkuu wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, akatia alama kwenye mkataba wa Wajerumani. Agosti 1885 meli za kivita za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Zanzibar kumtisha Barghash. Katika makubaliano ya mwaka 1886 Ujerumani iliegemea hati ya Jühlke na Uingereza hati za Johnston, naye Sultani akaachiwa ukanda wa pwani wa maili 10.

Watetezi wa hadithi ya zawadi wana hoja mbili, na ya kwanza ni nzuri: hadithi hiyo inabeba ukweli kwamba nchi iligawanywa ng'ambo na watu ambao hawakuwauliza wenyeji. Ya pili ni nzito zaidi. Tukimjazia mtoto mikataba, barua na kamisheni, unyang'anyi unaweza kuanza kuonekana kama shughuli halali iliyofuata utaratibu. Hofu hiyo haipuuzwi, lakini jibu lake ni kuieleza mikataba yenyewe: karatasi zilizoandikwa kwa lugha ambayo waliotia alama hawakuisoma, zikiungwa mkono na mizinga. Maelezo hayo yanawashtaki wakoloni kuliko hadithi ya bibi mkarimu, ambayo kwa kweli inawapunguzia lawama kwa kuugeuza uporaji kuwa mapenzi ya kifamilia.

Hasara kubwa ya hadithi ya zawadi, kwa maoni yangu, ni kwamba haina Mwafrika hata mmoja. Hana nafasi Rindi, wala hasimu wake Sina, mkuu wa Kibosho, wala Barghash. Kasoro hiyohiyo imo katika usemi kwamba Afrika ilikatwa vipande mezani Berlin, ingawa mkutano ule wa mwaka 1884 hadi 1885 ulishughulikia zaidi biashara ya mito Kongo na Niger pamoja na masharti ya kudai pwani. Mipaka ya Tanganyika ilitokana na makubaliano ya baadaye, hasa ya mwaka 1886 na 1890.

Kwa mtoto wa darasa la 4 sioni ubaya hadithi ikibaki, mradi ianze na "husemekana" na tarehe zifuate, ili yeye mwenyewe agundue kwamba hazilingani. Kwa mwanafunzi wa sekondari hilo halitoshi, na hapo ipo hatari ya kuondoa ngano moja na kupandikiza nyingine ya mashujaa na wasaliti. Meli, mwana wa Rindi, aliyewashinda Wajerumani mwaka 1892 na kunyongwa nao mwaka 1900, ni rahisi kumpa ushujaa. Ugumu uko kwa baba yake, aliyezikubali bendera mbili ndani ya mwaka mmoja huku akitafuta nguvu dhidi ya Kibosho, na ndiye anayefaa kuwekwa mbele ya darasa kwa swali moja: kwa yale aliyoyajua mwaka 1885, alikuwa na njia gani nyingine?