Mi nasema Ariel ndo ilishinda mbio za chai za 1866

Kila nikisoma habari za ile mbio kubwa ya chai ya 1866 nakuta wameandika meli ya Taeping ilishinda kwa dakika 28, na kila mara roho inaniuma kwa sababu mi naona mshindi alikuwa mwenzake, meli ya Ariel.

Ilianzia Fuzhou, China, kwenye mto Min. Miaka ile chai mpya ya msimu ndo ilikuwa dili London, kwahiyo wafanyabiashara waliweka bonasi ya shilingi 10 za Kiingereza kwa kila tani, inaenda kwa meli itakayofunga gati ya kwanza, na nahodha wake anapata pauni 100. Meli zenyewe ndo zile klipa, nyembamba, milingoti mitatu, matanga yamepandana mpaka juu kabisa. Ariel ya nahodha John Keay ikamaliza kupakia ya kwanza tarehe 28 Mei, ratili zaidi ya milioni 1.2 za chai ziko ngamani, ikang'oa nanga. Sasa tagi waliyopewa, kile chombo cha mvuke cha kuvutia meli kwa kamba, nguvu haina, ikashindwa kuivusha kwenye mlango wa mto, maji yakapwa, ikabidi watie nanga wasubiri yajae tena huku klipa nyingine, Fiery Cross, iliyopata tagi nzuri inawapita hivihivi wanaiona. Yani umetangulia kumaliza kazi yako alafu unaachwa na mwenzio kwa ajili ya kamba ya kuvutwa. Hiyo ya kwanza, ikumbukeni.

Baharini ndo kwenye raha yenyewe. Bahari ya China kuanzia Mei upepo unatoka kusini-magharibi, uko usoni, ni kubisha tu, mara huku mara huku, katikati ya miamba, ila ukishatoka mlango wa Sunda, kati ya Java na Sumatra, ukaingia Bahari ya Hindi unaupata upepo wa kusini-mashariki na hapo klipa inafungua matanga yote mpaka inakaribia Rasi ya Tumaini Jema. Watu wa pwani upepo ule mnaujua, ndo huohuo ukivuka ikweta unageuka, huku kwetu tunauita kusi, na majahazi yetu yalikuwa yanaungoja miezi ileile yarudi Arabuni na India. Ndo maana nikisoma safari ile siioni kama habari ya Waingereza tu, ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi na nakumbuka alikuwa anasema chombo unakipima kikiwa na tanga, kikishafungwa kamba kinavutwa hicho ni mzigo.

Sasa pimeni kwa tanga. Siku 99, maili zaidi ya 14,000, na asubuhi ya Septemba 5 Ariel na Taeping zinaonana kwenye mlango wa bahari wa Uingereza, zikakimbizana mchana kutwa kwa mwendo wa noti 14, yani maili 14 za baharini kwa saa. Alfajiri ya tarehe 6 Ariel ndo ikawa ya kwanza kupata rubani wa kuiongoza kuingia, ikafika Deal, mji wa pwani ya Uingereza, ikiwa mbele kwa dakika zisizozidi 10. Mbio za matanga ziliishia pale! Baada ya pale ni tagi tena, na Taeping ikabahatika kupata yenye nguvu zaidi, ikafika Gravesend, kwenye mto Thames wa kuingilia London, karibu saa nzima mbele. Na gati zenyewe hazikuwa moja. Ariel ilifika kwenye lango la East India Dock saa 3 usiku ikakuta maji hayajatosha lango lifunguliwe, Taeping isiyohitaji maji ya kina kama mwenzake ikaendelea mpaka London Docks ikaingizwa kabla ya saa 4, Ariel ikaingia saa 4 na robo. Klipa ya tatu, Serica, nayo ikaingia usiku huohuo kwa maji yaleyale, na zote tatu zilitoka karakana moja, ya Robert Steele kule Greenock, Scotland.

Najua mtasema sharti lilikuwa gati, sawa, lakini wenye meli wenyewe walikubaliana bonasi igawanywe, na manahodha wakagawana zile pauni 100. Kama kweli Taeping ilishinda waligawana nini? Na baada ya mwaka ule bonasi haikutolewa tena.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba moshi ulikuwa umeshazishinda zote, maana Erl King, meli ya matanga yenye injini ya mvuke, ilitoka Fuzhou baada yao na ikafika London siku 15 kabla yao. Miaka mitatu baadae, Novemba 1869, mfereji wa Suez ukafunguliwa, klipa haziwezi kupita huko, upepo wa Bahari ya Shamu hauwaachii, na biashara ya chai ikaanza kuhama.

Taeping iligonga mwamba Bahari ya China mwaka 1871 ikapotea. Ariel ilitoka London Januari 1872 kwenda Sydney, na haikufika.