Chumvi haitiwi kwenye sufuria tupu

Kijiweni tunapokunywa kahawa, hatua chache kutoka Soko la Kilombero hapa Arusha, kuna mzee aliyepigana vita vya Kagera. Mtu akitamka neno "propaganda" mbele yake, huweka kikombe chini. Juzi kijana mmoja wa bodaboda alisema serikali zote duniani hutia chumvi habari za adui wa nje ili zipate fedha za silaha na wananchi wanyamaze. Mzee akamuuliza, "Wewe mwaka 1978 ulikuwa wapi?" Watu wakacheka, mjadala ukafa. Naona ulikufa mapema mno, na aliyeonewa ni kijana.

Mzee apewe haki yake kwanza. Vitisho vya Idi Amin vilikuwa vimezoeleka tangu 1972, hata vikawa kama vichekesho vya redioni, na askari wetu kule mpakani walikuwa wachache. Oktoba 1978 majeshi yake yakaingia Kagera, yakapora, yakaua. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Kesho yake Mwalimu Nyerere akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Anayedharau kila tahadhari ya serikali inabidi awaeleze watu wa Kyaka walikosea wapi kuogopa.

Tena kiongozi yuko pabaya. Akionya sana na lisitokee jambo, anachekwa. Akinyamaza likatokea, anazika watu. Na tahadhari iliyofanikiwa hufanana na uongo: mwizi akikuta geti limefungwa akapita zake, asubuhi majirani watasema hapakuwa na mwizi. Wanakijiji wa Kitaya, Mtwara, waliovamiwa na wanamgambo kutoka ng'ambo ya Ruvuma Oktoba 2020, hawana haja ya kusomewa nadharia za watu wa mjini.

Lakini hebu tuirudie hadithi ya mzee. Wiki zile zile za Oktoba 1978, Redio Uganda ilikuwa ikitangaza kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia. Aliyekuza tishio la nje alikuwa Amin, na alilikuza ili apate njia ya kuvuka mpaka. Ushahidi anaoutumia mzee kumnyamazisha kijana, nusu yake ni wa kijana.

Kwa kawaida mjadala huu hukimbilia Iraki: Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akidai mbele ya Baraza la Usalama tarehe 5 Februari 2003 kwamba Iraki ina silaha za maangamizi, kisha wakaguzi wa Marekani yenyewe kukiri mwaka 2004 kwamba ghala za silaha zile hazikuwepo. Mfano huo ni sahihi, ila unatupotosha kidogo. Unatufanya tuamini kwamba kutia chumvi maana yake ni kubuni adui asiyekuwepo, kwa hiyo serikali ikionyesha adui wa kweli, mjadala umekwisha. Nani hutia chumvi kwenye sufuria tupu?

Mfano ninaoshindwa kuuacha uko karibu zaidi na sisi. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, kundi la waasi la wakimbizi wa Rwanda, wengi wao Watutsi, waliingia Rwanda wakitokea Uganda. Adui huyo hakubuniwa: alikuwa na bunduki na alikuwa amevuka mpaka. Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5, risasi zikarindima mjini Kigali kwa saa kadhaa. Kulipokucha serikali ya Rais Habyarimana ikatangaza kwamba RPF wamepenya hadi mji mkuu. Hawakuwa wamepenya. Mapigano ya kweli yalikuwa mbali, kaskazini mashariki, na milio ile ilipangwa na serikali yenyewe. Ikafuata kamatakamata ya watu zaidi ya 10,000, wengi wao Watutsi, wengine wapinzani tu wa siasa, wakarundikwa hadi uwanja wa michezo wa Nyamirambo. Waliitwa *ibyitso*, vibaraka wa adui.

Mimi hurudi kila mara kwenye usiku ule. RPF hawakuhitaji kuongezewa hata askari mmoja. Kilichoongezwa ni umbali. Adui alisogezwa kutoka porini hadi uchochoroni, na akishafika uchochoroni hawezi tena kuwa mgeni, lazima awe jirani. Septemba 1992 jeshi likasambaza waraka wa kumfafanua adui, na adui mkuu katika waraka huo alikuwa Mtutsi wa ndani au nje ya nchi anayetamani kurudi madarakani. Waraka huo ulisomwa hapa hapa mjini kwetu, kwenye majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliposikiliza kesi ya Kanali Bagosora wa jeshi la Rwanda. Kwa haki, majaji hawakukubali kwamba waraka ule ulithibitisha njama ya mauaji ya kimbari, na sidai kwamba kila serikali inayokuza hofu inaelekea 1994. Nyingi huishia kupandisha bajeti ya ulinzi tu.

Mwananchi hana satelaiti wala jasusi. Hawezi kuhesabu vifaru vya ng'ambo, na akiuliza ataambiwa ni siri ya taifa, pengine kweli ni siri. Ila anaweza kuona, baada ya tangazo la hatari, ni mlango wa nani unaogongwa usiku. Hilo halihitaji kibali cha mtu, na ndilo kijana wa bodaboda alikuwa analisogelea kwa maneno yake ya haraka.

Jana nilimkuta mzee peke yake, nikamuuliza: vita vilipopamba moto, Waganda waliokuwa huku kwetu walifanywa nini? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Akasema walikuwa Moshi, wanafanya mkutano. Ni kweli, Machi 1979, Kampala ikiwa bado haijaanguka, wakimbizi wa Uganda walikaa Moshi wakaunda UNLF, umoja wao wa kumpinga Amin, na kumchagua Yusuf Lule kuiongoza.

"Sisi tulipigana na nduli," mzee akasema. "Waganda wengine tulikuwa nao bega kwa bega kule mbele."

Halafu akaniuliza kama yule kijana wa bodaboda bado anapita pale jioni.